Maganda ya risasi: uyapange kwa mizani, kwa maji au kwa shingo?

Karibu kila mwenye raifo anayetaka kujaza risasi zake upya hapa Arusha huanza na swali hili: "Fundi, ninunue mizani gani ya kupimia maganda?" Namwambia mizani aiache kwanza, anionyeshe maganda, yaani vikasha vya brasi vinavyobaki risasi ikishapigwa.

Kupima uzito ni njia moja tu ya kuyapanga maganda ili kila risasi ifanane na mwenzake. Ipo ya kuyapanga kwa asili yake, ipo ya kupima ujazo kwa maji, ipo ya kupima unene wa shingo. Ongeza kusafisha, kurudisha umbo kwa dai (kalibu ya chuma ya kuminyia ganda), kukata urefu na kulainisha shingo kwa moto, na mtu anaweza kukaa mezani tangu Krismasi hadi Pasaka bila kupiga hata risasi moja. Lazima kuchagua. Nalinganisha kwa ajili ya watu wa aina mbili: mwindaji wa kazi, mwenye .375 H&H au .30-06 (hizi ni aina za risasi za raifo), anayeingia porini Longido au Simanjiro na wageni wa uwindaji wa kitalii. Na mlenga shabaha mwenye .308 anayetaka matundu yakae pamoja kwenye mita 300. Mahitaji yao hayafanani hata kidogo, na mengi yanayoandikwa kuhusu maganda yameandikwa kwa ajili ya huyu wa pili. Wa kwanza akiyafuata kama yalivyo anapoteza jioni zake bure.

La sheria nilitaje mapema, maana ni zito kuliko yote yanayofuata. Kujaza risasi ni kutengeneza risasi. Tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na usidhani leseni ya kumiliki bunduki inakuruhusu pia kutengeneza risasi zake. Nenda polisi wilayani ulikosajili silaha, uliza kwa maandishi, upate kibali kwa maandishi, ndipo ufikirie kununua presi, ile mashine ya mkono inayolisukuma ganda ndani ya dai. Usipokipata, sehemu inayofuata bado itakufaa ukiwa unanunua risasi za dukani: tafuta maboksi yenye namba moja ya loti (kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani), na uyanunue kwa pamoja.

Asili kwanza

Ganda la risasi ni brasi, takriban asilimia 70 shaba na 30 zinki. Kwa nje maganda yote ya .308 lazima yaingie chemba moja (sehemu ya mtutu inapokaa risasi), kwa hiyo vipimo vyake vinajulikana. Kwa ndani kila kiwanda kina mambo yake. Kimoja kinaacha ukuta mnene, kingine mwembamba. Kimoja kitako kizito, kingine chepesi. Baruti ileile, ikiwekwa kwenye nafasi ndogo zaidi, hupandisha shinikizo na kasi hubadilika. Ganda la kijeshi la 7.62x51 ni mfano unaojulikana: kwa kawaida ukuta wake ni mnene kuliko wa ganda la kiraia la .308, na kipimo cha baruti kilichokuwa salama kwenye la kiraia kinaweza kuvuka mpaka kwenye la kijeshi. Kwangu mimi, maganda ya kijeshi hayana nafasi kwenye meza ya raia, hata yakiokotwa wapi.

Kwa hiyo geuza ganda usome mhuri wa kitakoni. Utakuta PMP ya Afrika Kusini, S&B ya Czech, PPU ya Serbia, Norma ya Sweden, Lapua ya Finland. Kila mhuri rundo lake. Ndani ya mhuri mmoja, tenga yaliyotoka kwenye boksi la loti moja. Ndani ya loti moja, tenga kwa idadi ya mara yalizopigwa. Na maganda yaliyopigwa kwenye bunduki ya jirani yasichanganywe na yako, maana ganda likipigwa hujitanua likachukua umbo la chemba iliyolipiga.

Mulika ndani kwa tochi pia. Ukiona tundu moja katikati ya kitako, hilo linajazika. Ukiona matundu mawili madogo, ni mfumo wa Berdan, ambao pini ya kawaida ya kutolea fataki (kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti) haiuwezi, weka pembeni.

Gharama ya haya yote ni kalamu ya maka na vikopo vyenye kifuniko. Faida yake inazishinda njia zote nitakazotaja hapa chini, na wala sikisii: tofauti kubwa kabisa kati ya ganda na ganda hutokana na kuchanganya viwanda. Mtu aliyeweka pamoja mihuri mitatu, kisha akanunua mizani ya kisasa ili "kupata usahihi", ameanzia kazi mwishoni.

Mizani

Hoja ya mizani inavutia: kama nje maganda ni sawa, basi lililo zito zaidi lina brasi nyingi zaidi ndani, na nafasi ya baruti ni ndogo zaidi. Ni kweli, ila tazama kiasi. Brasi ni nzito kuliko maji mara 8.5 hivi. Maana yake, ili nafasi ya ndani ipungue kwa greini 1 ya maji, ganda lazima liongezeke uzito kwa greini 8.5. Greini moja ni gramu 0.065 tu. Ganda la .308 hubeba takriban greini 56 za maji likijazwa hadi mdomoni, la .30-06 takriban 68, la .375 H&H takriban 95.

Chukua sasa maganda ya loti moja ya kiwanda kizuri, yanayotofautiana kwa greini 2. Nafasi ya ndani inatofautiana kwa chini ya robo ya greini ya maji kati ya 56. Hilo ni chini ya nusu ya asilimia. Kwa mwindaji wa mita 100 hadi 150, ni kitu kisichoonekana kwenye shabaha hata kidogo.

Na hata hiyo greini 2 huna hakika iko wapi. Inaweza kuwa kwenye mfereji wa kitakoni, pale makucha ya bolti yanaposhika, ambapo mashine ya kiwandani ilichonga kidogo zaidi au kidogo pungufu. Huko haina uhusiano wowote na baruti. Mizani haikuambii.

Kazi moja mizani inaifanya vizuri sana: kukamata mgeni. Katika maganda hamsini, arobaini na nane yatakaa karibu karibu na mawili yatakuwa mbali kabisa. Hayo mawili yatoe, yatumie kurekebishia dai au kuanzia kupasha mtutu. Ukiitumia hivyo, mizani ina thamani. Ukiitumia kugawa maganda ya loti moja katika vikopo vya nusu greini kila kimoja, unajichosha.

Ukinunua, ipo ya kidijitali na ipo ya mhimili yenye vijiwe vya kusogeza. Ya kidijitali ni ya haraka, lakini ile ya bei ndogo husogea yenyewe upepo ukiingia dirishani, umeme ukiyumba, au ikiwa haijapata joto. Ya mhimili ni ya polepole, haitaki umeme, na leo itakupa jibu la jana. Kwa meza iliyoko Njiro au Sakina, ambako umeme una ratiba yake, mimi ningechukua ya mhimili. Na kwa kuwa baruti lazima ipimwe kwa mizani vyovyote vile, huo uthabiti utakufaa zaidi huko kuliko kwenye maganda.

Maji

Hii ndiyo njia inayopima kitu chenyewe, yaani nafasi ya ndani. Inafanyika hivi. Chukua ganda lililokwisha kupigwa kwenye bunduki yako, usilipitishe kwenye dai, na fataki iliyotumika uiache palepale iwe kizibo. Pima ganda tupu. Kisha kwa bomba la sindano la duka la dawa, jaza maji yaliyochanganywa na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni inavunja mvutano wa maji, bila hiyo yanajikunja mdomoni kama kichuguu. Gonga ganda kwa ukucha mpaka viputo vyote vitoke. Uso wa maji uwe sawa na mdomo, usibonyee wala usivimbe. Ukiinamisha macho usawa wa mdomo huku taa iko nyuma yake utauona vizuri. Pima tena. Tofauti ndiyo ujazo.

Ni kazi nzuri na ya kweli, na inachosha. Ganda moja linachukua dakika kadhaa, kisha lazima likaushwe. Sishauri kupima yote. Pima matano ya kila loti. Kama matano hayo yanakaribiana, loti ni nzuri, endelea. Kama loti mpya inatofautiana na ya zamani, umepata onyo kwamba kipimo chako cha baruti kianze tena kutoka chini kama kitabu cha kiwanda kinavyoelekeza, na onyo hilo mizani pekee isingekupa kwa uhakika. Ukiniuliza kati ya mizani na maji kipi kinasema ukweli, ni maji. Ukiniuliza kipi utakifanya kweli jioni ya Jumatano baada ya kazi, najua jibu lako.

Shingo

Hapa ndipo mlenga shabaha anapata faida yake, na hata mwindaji anapata sehemu.

Shingo ya ganda ndiyo inayokishika kichwa cha risasi na kukiachia. Ikiwa upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, kichwa hukaa upogo, kikaingia kwenye mifereji ya mtutu kikiwa kimeinama. Ukuta wa shingo ya .308 kwa kawaida ni karibu milimita 0.36 hadi 0.38. Kwa maikromita yenye ncha ya duara, pima sehemu nne kuzunguka shingo. Utaratibu wangu ni huu: tofauti isiyozidi milimita 0.025, ganda linakwenda kwenye kikopo cha shabaha. Kati ya hapo na 0.05, linakwenda kwenye mazoezi na uwindaji. Zaidi ya hapo linatoka. Ganda lenye shingo upogo mara nyingi lina ukuta upogo mpaka chini, kwa hiyo kipimo hiki kimoja kinakuambia habari za mwili mzima.

Maikromita hiyo ni ghali kuliko mizani ya kawaida, lakini inapima kinachogusa risasi. Kwenye vibanda vya vifaa Arusha na Moshi utakuta zaidi kalipa ya vernia. Hiyo ni ya urefu, haifai hapa, kwa sababu taya zake ni bapa na ndani ya shingo pana mviringo. Usidanganyike na tarakimu zake. Kuna pia kifaa cha kuichonga shingo kwa nje iwe sawa pande zote. Kwa bunduki yenye chemba ya kawaida mimi sioni sababu ya kukinunua: tenga maganda mabaya, tumia mazuri.

Moto, au bila moto

Kila ganda linapopigwa na kila linapominywa kwenye dai, brasi ya shingo inakuwa ngumu zaidi. Shingo ngumu hurudi nyuma kama springi, haikishiki kichwa kwa nguvu ileile kila mara, na mwisho hupasuka. Kuilainisha kwa moto kunairudisha. Kwa maoni yangu hii inasaidia kuliko vikopo vyote vya uzito, mradi ifanywe kwa namna moja kila mara.

Tochi ya gesi wanayotumia mafundi friji inatosha. Ganda linazungushwa taratibu kwenye drili ndani ya soketi, ncha ya moto ikiwa kwenye shingo na bega, kwa sekunde chache tu, chumba kikiwa na kiza. Kuna rangi maalumu ya kupima joto, inayoyeyuka karibu na nyuzi 400 za Selsiasi. Paka kidogo ndani ya shingo la ganda la majaribio, hesabu sekunde mpaka iyeyuke, na maganda yote yapewe sekunde hizohizo. Kutumbukiza kwenye maji baadaye ni kwa ajili ya kulipoza ulishike. Brasi haigeuki ngumu kwa maji kama chuma.

Kitako kisipate moto kabisa. Kitako laini hakiwezi kuhimili shinikizo, na wewe uso wako uko nyuma yake. Ganda lililopashwa hadi kitakoni ni la kutupa, halina mjadala. Na hakuna ganda lenye baruti au fataki hai linalosogea karibu na meza hiyo.

Mwenye maganda machache anayeyapiga mara mbili tatu kisha kununua mapya anaweza kuishi bila moto. Anayetaka ganda la .375 ambalo kulipata dukani ni shida limtumikie miaka, aujifunze.

Dai: shingo tu au mwili mzima?

Kuminya shingo tu kunaliacha ganda katika umbo la chemba yako, na walenga shabaha wengi walikulia humo. Kuminya mwili mzima kunalifanya liingie kirahisi. Kwa mwindaji hakuna uchaguzi: mwili mzima. Vumbi la Longido likishaingia kwenye chemba, ganda lililokuwa likiingia kwa kubanana nyumbani litakwama mbele ya nyati.

Ila mwili mzima haimaanishi kukandamiza dai mpaka chini. Rekebisha bega lirudi nyuma milimita 0.025 hadi 0.05 tu kuliko lilivyotoka chemba. Kwenye .375 H&H hili ni la uhai. Ganda hilo la mwaka 1912 lina mkanda kitakoni, na mkanda ndio unaolishikilia chemba, hivyo mara nyingi bega huwa na nafasi kubwa mbele yake. Likipigwa mara ya kwanza bega linasukumwa mbele. Ukilirudisha lote nyuma kila mara, ukuta ulio juu kidogo ya mkanda unavutika, unavutika, mpaka ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba.

Kagua kwa waya. Spoku ya baiskeli iliyochongwa ncha na kukunjwa pembe mraba inafaa. Iingize mpaka chini, kisha ivute juu taratibu huku ncha inakwaruza ukuta. Ukuta mzima ni laini. Ukisikia ncha inadumbukia kwenye kamfereji juu ya mkanda, hata kama kwa nje ganda linang'aa, kazi yake imeisha. Wakati mwingine kwa nje utaona pete inayong'aa mahali hapohapo. Hakuna kipimo cha uzito kitakachokuonyesha hilo, na ndiyo sababu mwindaji mwenye .375 nampa spoku kabla ya kumpa mizani.

Baada ya dai pima urefu. Kwa .308 mwisho ni milimita 51.18, na ukikata, kata hadi 50.93. Yote yawe sawa, kisha kwaruza kidogo kingo za mdomo ndani na nje. Na kabla ya baruti, pitisha kila ganda tupu kwenye chemba ya bunduki yako.

Kusafisha

Magunzi ya mahindi yaliyosagwa, kwenye pipa linalotikisika, ni njia kavu. Yapo tele huku kwetu, mashine ya kusaga chakula cha mifugo inayatoa, na yanang'arisha vizuri; yachekeche tu, chembe kubwa hukwama kwenye tundu la moto la kitakoni. Ubaya wake ni vumbi. Fataki nyingi zina risasi ya metali, yaani ledi, na vumbi hilo lina sumu. Fanyia nje, pipa limefunikwa, mbali na watoto, na kamwe si jikoni. Njia ya maji, sabuni na ndimu kidogo inazuia vumbi na inasafisha hadi ndani, lakini ganda lazima likauke kabisa. Moshi Februari jua la saa chache linatosha. Arusha ya Juni na Julai, na mawingu yake, yape siku zaidi kwenye chumba chenye joto. Mimi naona maji ni bora kwa mwenye familia nyumbani.

Kitu kimoja kikwepe kwenye njia zote mbili: amonia. Dawa nyingi za kung'arisha shaba zinayo, soma kibandiko. Amonia hupasua brasi iliyokazwa. Waingereza waliliona India, risasi zao zilipohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi wakati wa masika: mvuke wa mikojo ulitosha kupasua shingo. Kwa hiyo stoo iliyopakana na zizi la ng'ombe haifai kuhifadhia maganda, hata ikiwa ndiyo yenye kufuli nzuri.

Uchague nini, basi?

Mwindaji: panga kwa asili, osha kwa maji, minya mwili mzima kwa kipimo, kagua kwa waya, pima urefu. Fedha ikibaki, tochi ya gesi. Mizani ya baruti unayo tayari. Kwenye maganda itumie kumkamata mgeni tu.

Mlenga shabaha: asili, moto kila baada ya kupiga, maikromita ya shingo. Maji kwa matano ya kila loti. Ukishamaliza hayo na bado una hamu ya kugawa kwa uzito, jaribu, ila ujaribu kwa haki: kundi la risasi kumi zilizopangwa dhidi ya kundi la kumi ambazo hazikupangwa, siku moja, mtutu uleule, zikipigwa kwa zamu. Matundu matatu kwa matatu hayathibitishi chochote, yatakuonyesha leo hivi na kesho vile.

Maganda yaliyokataliwa usiyaache yakizagaa. Yaminye mdomo kwa koleo mpaka yawe bapa, ili asitokee wa kuyajaza tena, ndipo yaende na brasi nyingine kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.